Kura Zilezile, Rais Tofauti: Hesabu ya Bunge Linapomchagua Mkuu wa Nchi

Chukua kura 219. Zigawe kwa mbili, unapata 109 na nusu. Mbunge hapigi nusu kura, kwa hiyo mgombea anayetakiwa kupata zaidi ya nusu lazima afikishe 110. Akiishia 109 hajashinda, hata kama anayemfuata ameambulia 60 tu.

Namba hiyo sikuibuni. Ndiyo idadi ya kura halali zilizohesabiwa tarehe 20 Julai 2022 katika Bunge la Sri Lanka, ambalo jengo lake limezungukwa na maji ya ziwa la Diyawanna, huko Kotte, pembeni mwa jiji la Colombo. Bunge hilo lina viti 225. Wabunge wawili hawakupiga kura, kura nne ziliharibika, zikabaki 219. Ranil Wickremesinghe alipata 134, Dullas Alahapperuma 82, na Anura Kumara Dissanayake 3.

Anayezitazama namba hizo kwa mara ya kwanza atashangaa. Katika uchaguzi wa wabunge wa Agosti 2020, chama cha Wickremesinghe, UNP, kilipata asilimia 2.15 ya kura nchi nzima na kuondoka na kiti kimoja. Yeye mwenyewe aliangushwa jimboni, akaingia bungeni mwaka uliofuata kwa kile kiti kimoja cha orodha ya taifa. Vipi basi mtu asiye na hata mbunge mwenzake wa chama akapata asilimia 61 ya kura za Bunge na kuwa rais? Wengi hujibu haraka kwamba ni hila za wanasiasa. Hila huenda zilikuwepo, siasa haikosi hila, lakini jibu hilo halifundishi kitu. Kuna hesabu chini yake, na hesabu hiyo inafuatilika hatua kwa hatua bila kuhitaji zaidi ya kujumlisha na kutoa.

Kwanza tukio lenyewe. Mwaka 2022 Sri Lanka ilikuwa imefilisika. Mwezi Aprili serikali ilitangaza kwamba inasimamisha kulipa madeni ya nje, yaliyofikia takriban dola bilioni 51. Mafuta yaliadimika, watu wakalala kwenye foleni za vituo, na kufikia Juni mfumuko wa bei katika jiji la Colombo ulipita asilimia 50. Tarehe 9 Julai waandamanaji waliivamia ikulu, na usiku huo nyumba binafsi ya Wickremesinghe, aliyekuwa waziri mkuu tangu Mei, ikachomwa moto. Siku nne baadaye Rais Gotabaya Rajapaksa akakimbilia Maldivi, kisha Singapore, na kutoka huko akatuma barua ya kujiuzulu kwa barua pepe. Katiba yao inasema kiti cha urais kikiwa wazi kabla ya muhula kwisha, waziri mkuu anakaimu, na ndani ya mwezi mmoja Bunge linamchagua mmoja wa wabunge wake amalizie muda uliobaki. Kanuni hiyo ilikuwa imetumika mara moja tu kabla, Mei 1993, baada ya Rais Premadasa kuuawa kwa bomu, na safari ile D. B. Wijetunga alipita bila mpinzani. Kwa hiyo Julai 2022 ndiyo mara ya kwanza Bunge hilo kuhesabu kura za kweli za urais.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Kwa nini zaidi ya nusu?

Wagombea wakiwa wawili, swali hili halina maana kubwa. Anayeongoza lazima awe na zaidi ya nusu, maana kura zisizo zake ni za mwenzake. Mwaka 1952 Kenneth May, mwanahisabati wa Marekani, alithibitisha jambo ambalo wengi wetu tunalihisi tu: wakiwa wawili, kanuni ya wengi wape ndiyo pekee inayotoa jibu katika kila hali, inayowatendea wapigakura wote sawa na wagombea wote sawa, na ambayo kura moja ikiongezwa kwa mmoja aliyefungana na mwenzake humpa ushindi. Hakuna kanuni nyingine inayotimiza hayo yote. Kwa wawili, basi, sayansi imemaliza kazi yake.

Matatizo huanza anapoingia wa tatu.

Tufanye Bunge dogo la wabunge tisa tu, ili hesabu ionekane kwa macho. Wagombea ni Athumani, Bahati na Chausiku. Kila mbunge amewapanga kwa mpangilio wa anavyowapenda. Wabunge wanne wanamtaka Athumani, kisha Chausiku, na Bahati mwisho. Watatu wanamtaka Bahati, kisha Chausiku, na Athumani mwisho. Wawili waliobaki wanamtaka Chausiku, kisha Bahati, na Athumani mwisho. Ziandike kwenye karatasi ukipenda, maana tutazihesabu mara tatu.

Hesabu ya kwanza: anayeongoza ndiye mshindi, basi. Athumani ana 4, Bahati 3, Chausiku 2. Rais ni Athumani. Ndivyo Tanzania inavyomhesabu rais wake tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2000. Kabla ya hapo mshindi alitakiwa kupata zaidi ya nusu ya kura halali. Tazama lakini kilichotokea kwenye Bunge letu dogo: wabunge watano kati ya tisa walimweka Athumani mwisho kabisa, na ndiye aliyeapishwa.

Hesabu ya pili: hakuna aliyefikisha watano, kwa hiyo wa mwisho anaondolewa na kura zake zinakwenda kwa chaguo la pili la waliompigia. Wa mwisho ni Chausiku. Wabunge wake wawili walimweka Bahati nafasi ya pili, kwa hiyo Bahati anafika 5 na Athumani anabaki na 4. Rais ni Bahati. Hii ndiyo kanuni ya Bunge la Sri Lanka, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1981: mbunge haandiki jina moja tu, anaweza kuwapanga wagombea kwa namba 1, 2, 3, na wa chini huondolewa mmoja mmoja mpaka apatikane aliyevuka nusu.

Hesabu ya tatu: tuwapambanishe wawili wawili. Chausiku na Athumani: wanaompendelea Chausiku ni wale watatu na wale wawili, jumla 5 kwa 4. Chausiku na Bahati: wanaompendelea Chausiku ni wale wanne na wale wawili, jumla 6 kwa 3. Chausiku anamshinda kila mmoja akikutana naye peke yake. Rais ni Chausiku, yuleyule aliyekuwa wa kwanza kuondolewa katika hesabu ya pili!

Wabunge ni walewale tisa. Hakuna aliyehongwa wala aliyebadili mawazo, na hakuna karatasi iliyopotea. Kilichobadilika ni kanuni ya kuhesabu, na kila kanuni imetoa rais wake. Mimi naona hapa ndipo mahali pa kukaa kidogo, kwa sababu mijadala yetu ya uchaguzi huishia kwenye swali la nani amepata ngapi, kana kwamba matakwa ya watu yamelala ndani ya sanduku yakisubiri kufunguliwa. Sandukuni mna mapendeleo tu. Matakwa ya jumla hayapo mpaka kanuni iyatengeneze.

Aliyeling'amua hili mapema ni Mfaransa, Condorcet, katika kitabu chake cha mwaka 1785. Alionyesha pia kwamba ile hesabu ya tatu, ya wawili wawili, inaweza isitoe mshindi kabisa: wa kwanza anamshinda wa pili, wa pili anamshinda wa tatu, na wa tatu anageuka anamshinda wa kwanza, mzunguko usio na mwisho. Mwaka 1951 Kenneth Arrow akafunga mlango. Alithibitisha kwamba wagombea wakiwa watatu au zaidi, hakuna kanuni ya kupanga mapendeleo inayoweza kutimiza kwa pamoja masharti machache ambayo kila mtu angeyaona ya haki, isipokuwa ile ya kumpa mtu mmoja aamue peke yake. Waliopindua serikali hupenda kanuni hiyo ya mwisho.

Turudi Colombo. Kwa kuwa Wickremesinghe alivuka 110 tangu hesabu ya kwanza, zile namba 2 na 3 kwenye karatasi hazikuguswa. Kanuni zote tatu zingempa ushindi, na hilo ni kweli kwa yeyote mwenye zaidi ya nusu ya chaguo la kwanza. Siku moja kabla ya kura, kiongozi wa upinzani Sajith Premadasa alijitoa na kumuunga mkono Alahapperuma. Kihesabu hakuwa na haja ya kufanya hivyo. Kanuni ya kupanga namba imetungwa hasa ili wagombea wa upande mmoja wasigawane kura, maana kura za anayeondolewa hazipotei, zinahama. Alijitoa kwa sababu za mapatano, na mapatano yana kanuni zake.

Ziko nchi zinazofanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine: badala ya kuwapanga wagombea mara moja, wabunge wanapiga kura duru baada ya duru. Jirani yetu Somalia ndiye mfano mzuri kuliko wote. Muhula wa Rais Mohamed Abdullahi Farmaajo ulikwisha Februari 2021 bila uchaguzi. Aprili mwaka huo mpango wa kumwongezea miaka miwili ulizua mapigano katika mitaa ya Mogadishu, ukafutwa. Kura ilipigwa hatimaye tarehe 15 Mei 2022, kwenye banda kubwa ndani ya eneo la uwanja wa ndege, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Afrika. Wabunge wa mabaraza yote mawili ni 329, na wagombea walikuwa zaidi ya 30.

Duru ya kwanza ilimweka mbele Said Abdullahi Deni wa Puntland kwa kura 65. Farmaajo alipata 59, Hassan Sheikh Mohamud 52, na aliyekuwa waziri mkuu, Hassan Ali Khaire, 47. Kwa hesabu ya anayeongoza ndiye mshindi, Deni angekuwa rais kwa kura 65, yaani mtu mmoja kati ya watano waliokuwa ukumbini. Wanne wa juu wakaingia duru ya pili: Hassan Sheikh 110, Farmaajo 83, Deni 68, Khaire 63. Duru ya tatu wakabaki wawili: Hassan Sheikh 214, Farmaajo 110.

Fuatilia kura za walioondolewa. Deni na Khaire kwa pamoja walikuwa na 131. Hassan Sheikh aliongezeka 104, Farmaajo 27. Jumlisha: 131 kamili. Hatuwezi kujua mbunge gani alihamia wapi, kura ni ya siri, lakini jumla zenyewe zinaonyesha mkondo ulikoelekea. Aliyekuwa wa tatu mwanzoni ndiye aliyekuwa chaguo la pili la wengi. Farmaajo alikuwa na wafuasi wake thabiti na nje ya hao hakuwa na akiba kubwa.

Duru zina faida moja na hatari moja, na zote mbili zinatoka mahali pamoja: muda kati ya duru na duru. Katika muda huo mbunge anaona matokeo, anafikiri upya, anajua nani bado yumo. Na katika muda huohuo mtu anaweza kumvuta pembeni.

Hapo ndipo siri ya kura inapoingia, na watu wengi huielewa nusu. Siri humlinda mbunge asiadhibiwe na chama, ndiyo. Kazi yake kubwa zaidi ni kuharibu soko la kura. Mnunuzi hulipa akiwa na uhakika wa kupata bidhaa. Kama muuzaji hawezi kuthibitisha kura aliyoipiga, mnunuzi anatoa fedha gizani. Ndiyo maana kule Sri Lanka wabunge walionywa wasipige picha karatasi zao: picha ingekuwa risiti.

Lakini risiti inaweza kuandikwa bila simu. Ukiwa na wagombea watatu na ruhusa ya kupanga namba, karatasi halali inaweza kujazwa kwa namna ngapi? Mgombea mmoja tu: namna 3. Wawili kwa mpangilio: 3 mara 2, namna 6. Wote watatu: namna 6 tena. Jumla 15. Kwa wabunge 219, kila namna inaweza kutumiwa na watu wengi, kwa hiyo haimtambulishi mtu. Chukua sasa wagombea 36, mbunge awapange watatu tu: 36 mara 35 mara 34, unapata namna 42,840. Mnunuzi anaweza kumpa kila mbunge mpangilio wake wa nafasi ya pili na ya tatu, kama alama ya siri, kisha akasikiliza karatasi zikisomwa kwa sauti. Italia iliijua hila hii kwa uchungu, kwani makundi ya wahalifu yaliitumia kukagua kura walizonunua, na mwaka 1991 wananchi walipiga kura ya maoni wakaamua kila mpigakura awe na chaguo moja tu ndani ya orodha ya chama. Uzuri wa kanuni ya kupanga namba unapungua kadiri wagombea wanavyoongezeka.

Siri ina upande wake wa pili. Aprili 2013, Bunge la Italia hiyohiyo lilipokuwa linamchagua rais, Romano Prodi alihitaji kura 504. Akapata 395. Zaidi ya mia moja ya waliotarajiwa kumpigia walimkana ndani ya kibanda cha kura, na mpaka leo majina yao hayajulikani yote. Siri inayomlinda mwenye dhamiri inamlinda na msaliti, na hakuna karatasi inayoweza kuwatenganisha.

Udogo wa Bunge unaongeza uzito wa hayo yote. Wickremesinghe alikuwa na 134. Kama 25 kati yao wangempigia mtu mwingine, angebaki na 109, chini ya nusu. Watu 25 ni abiria wa Coaster moja. Katika uchaguzi wa wananchi, kugeuza matokeo ya namna hiyo kunataka kuwageuza mamilioni.

Limebaki jambo la umri, na kwangu hili ndilo zito kuliko kanuni yenyewe. Bunge ni kipimo cha maoni ya wananchi siku lilipochaguliwa. Bunge la Julai 2022 lilichaguliwa Agosti 2020, wakati chama cha akina Rajapaksa, SLPP, kilipozoa viti 145 kati ya 225. Kwa miaka miwili nchi ilibadilika kabisa, Bunge likabaki lilelile. Waandamanaji walimfukuza rais, lakini hawakumfukuza hata mbunge mmoja wa chama chake. Sehemu kubwa ya 134 za Wickremesinghe ilitoka kwa wabunge hao. Kipimo hakikudanganya, kilisoma kwa uaminifu maoni ya mwaka 2020.

Jaribio la kuthibitisha hili lilikuja lenyewe. Tarehe 21 Septemba 2024, muda wa Rajapaksa uliokuwa ukimaliziwa ulipofika ukingoni, wananchi wa Sri Lanka walipiga kura wenyewe. Dissanayake, yule wa kura 3 bungeni, alipata asilimia 42.31 ya kura za wananchi. Sajith Premadasa alipata 32.76, na Wickremesinghe, rais aliye madarakani, 17.27. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo ikabidi chaguo la pili lihesabiwe, na Dissanayake akatangazwa mshindi. Novemba mwaka huo muungano wake ukachukua viti 159 bungeni. Mwaka 2020 ulikuwa na vitatu.

Je, Sri Lanka ingefanya vizuri kwenda kwa wananchi moja kwa moja Julai 2022? Sidhani. Nchi isiyo na petroli ya magari ya wagonjwa ingesafirisha vipi masanduku ya kura? Hata uchaguzi wa serikali za mitaa uliopangwa Machi 2023 uliahirishwa kwa madai ya ukosefu wa fedha. Burundi iliingia njia panda kama hiyo baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993: nchi ilikuwa inawaka, uchaguzi wa wananchi haukuwezekana, na Bunge la Taifa likamchagua Cyprien Ntaryamira Januari 1994. Bunge lile lilikuwa na umri wa miezi saba tu, kwa hiyo kama kipimo halikuwa limechakaa. Ntaryamira aliuawa tarehe 6 Aprili pamoja na Juvénal Habyarimana wa Rwanda, ndege yao ilipotunguliwa Kigali. Hesabu nzuri haizuii kombora.

Kwa maoni yangu, rais wa Bunge anafaa kama daraja fupi: achaguliwe kwa zaidi ya nusu, kwa siri isiyo na simu wala alama, na tarehe ya kumrudishia mwananchi kalamu iwe imeandikwa katika katiba tangu mwanzo, isiachiwe huruma ya aliyechaguliwa. Katika hilo la tarehe Sri Lanka ilifaulu.

Nchi zetu nyingi zimekwepa kura hiyo kabisa. Alipofariki Rais Magufuli tarehe 17 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan aliapishwa siku mbili baadaye kwa sababu alikuwa makamu wa rais, na kura ya Bunge ilihitajika tu kumthibitisha Philip Mpango kushika nafasi aliyoiacha. Kenya nayo inamtegemea naibu rais. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inampa rais wa Seneti kukaimu mpaka wananchi wapige kura. Msomaji, isome ibara yako leo, nchi ikiwa imetulia: ya 37 kwa Mtanzania, ya 146 kwa Mkenya, ya 75 na 76 kwa Mkongo. Kisha jiulize kura zitahesabiwaje, na zitahesabiwa na nani, ikiwa wote waliotajwa humo hawapo.